Viti Vyenye Meno

"Mjomba, kwa nini viti vyako vina meno na mimi sina?"

Aliyeuliza alikuwa mpwa wake wa darasa la pili, mwenye pengo la mbele ambalo ungeweza kupitisha kidole na kisiguse upande wowote. Mjomba alikuwa ameinamia kiti cha sita, patasi mkononi, anachonga jino la pembeni. Hakuinua hata kichwa.

"Kula mboga zako. Utaota."

Mpwa akasema hajauliza habari za meno yake, ameuliza habari za meno ya viti. Mjomba akapuliza vumbi la mbao, akafumba jicho moja kuona kama jino limenyooka, akasema, "Hilo ni swali kubwa kuliko wewe. Subiri mlingane."

Basi swali likabaki hapo, na mpwa akaenda zake kula mboga.

Huyo ndiye Mjomba. Kwenye karakana yake alikuwa fundi seremala kama fundi mwingine yeyote: milango, madirisha, madawati ya shule, vitanda vya futi tano kwa sita. Mteja akitaka ua kwenye kichwa cha kitanda, alichongewa ua, na lilikuwa ua kweli, unatamani kulinusa. Hakuna aliyewahi kuchukua kazi kwa Mjomba akarudi kulalamika. Lakini samani alizotengeneza kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe, jamani, hizo zilikuwa habari nyingine kabisa.

Tuanze na viti vyenyewe. Vilikuwa sita, na kila egemeo lilikuwa mdomo ulio wazi: safu moja ya meno juu ya kichwa cha anayekaa, safu nyingine chini ya mabega yake. Ukikaa hapo na kikombe cha chai, anayekutazama anaona mtu anayemezwa taratibu na wala hajali. Viti vyote vilizunguka meza, na meza ilisimama juu ya miguu iliyochongwa kama mifupa ya miguu ya watu, yenye magoti na vifundo. Kioo cha ukutani kilizungukwa na popo, kwa hiyo kila aliyejitazama alijiona anashambuliwa. Pa kutundika makoti palikuwa na kunguru mwenye mdomo wazi. Kwenye rafu kulikuwa na mafuvu saba ya mbao, kila moja na sura yake: moja lilitabasamu, jingine lilikuwa kama limesikia umbea sasa hivi, na la mwisho, dada yake Mjomba alisema, lilifanana na babu yao kupita kiasi. Mjomba hakukana.

Halafu saa. Saa ilikuwa fuvu la nane, na kila ilipofika saa kamili taya lake lilifunguka na kujifunga, ka, ka, ka, likihesabu. Saa sita mchana, likihesabu mpaka kumi na mbili, lilifanya kazi mpaka unalionea huruma.

Na mwisho kabati. Kabati ndilo lililokuwa roho ya Mjomba. Lilikuwa refu, pana mabegani, jembamba miguuni, umbo lile lile unalolifikiria na usilotaka kulitaja. Mlango wake ulikuwa mwanamke aliyechongwa kutoka mbao moja nzima, mikono kakunja kifuani, macho kafumba, mikunjo ya gauni lake ikishuka mpaka sakafuni. Kiwiko chake ndicho kilikuwa mpini. Ukikivuta, mlango unafunguka kwa mguno mrefu kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Mguno huo haukuja wenyewe. Mjomba, ambaye milango ya watu aliitia mafuta isilie, bawaba za kabati hili alizinyima mafuta makusudi na kuzijaribu moja moja mpaka akapata mlio alioutaka.

Unaweza kufikiria majirani. Mtu wa kusoma mita ya umeme alisomea barabarani, Mjomba akimpigia kelele tarakimu kutoka ndani. Watoto wa mtaa walimwita Fundi Meno, na wazazi wao walilitumia jina hilo kama dawa: "Hulali? Nimwite Fundi Meno?" Kinyozi mmoja, mtu wa kujaribu mambo, alichukua kiti kimoja akakiweka dukani kwake, kikarudi baada ya muda mfupi kwa sababu wateja walikataa kuegemea.

"Mdogo wangu," dada yake alikuwa akimwambia kila alipokuja kumtembelea, huku amesimama maana hakukaa kamwe, "ndiyo maana hujaoa mpaka leo. Mwanamke gani atakubali kutazamwa na mafuvu saba kabla hajanawa uso?"

"Manane," Mjomba alisema. "Pamoja na saa."

"Endelea kuhesabu. Utazeeka unahesabu."

Dada huyu, ambaye ndiye mama yake mpwa, alikuwa mkuu wa madobi kwenye nyumba moja ya wageni, na alikuwa na imani kwamba hakuna tatizo duniani lisilotoka kwa maji ya moto na pasi. Hilo likumbukwe kwa huruma, maana ndilo lililomponza.

Siku moja Mjomba aliamua kwamba nyumba yake inakosa kitu kimoja tu: mapazia meusi yenye bitana nyekundu. Akamwita fundi wa mapazia. Akaja mwanamke wa makamo, mjane, mnene kidogo, futi ya kupimia shingoni na pini tatu mdomoni. Mtaa mzima ulisimama kusubiri ukelele.

Hakukuwa na ukelele. Mshonaji alisimama katikati ya sebule akageuka taratibu, akaangalia viti, akaangalia popo, akaangalia mwanamke wa kabatini kutoka juu mpaka chini kama anayemkadiria vipimo vya gauni. Halafu akatundika mkoba wake kwenye mdomo wa kunguru, akafungua taya la fuvu lenye sura ya umbea, akaweka kikopo chake cha pini humo ndani.

Akauliza swali moja. "Anayefuta vumbi humu ni nani?"

"Mimi."

"Mpaka kwenye meno?"

"Kwenye meno natumia mswaki."

Mshonaji akatoa pini mdomoni. "Mswaki," alisema, kama mtu anayeandika jambo moyoni, kisha akapanda kwenye kiti chenye meno na kupima dirisha.

Mapazia yale yalichukua muda mrefu kuliko mapazia yoyote katika historia ya mapazia. Alirudi kupima dirisha la sebuleni. Akarudi kupima tena, kana kwamba madirisha hukua. Akaja kuuliza nyekundu ya namna gani. Mjomba naye, mtu aliyezoea kuzungumza na mbao, akaanza kunyoa kila siku. Mapazia yalipotundikwa hatimaye, hakukuwa na mtu mtaani ambaye hakujua kinachoendelea isipokuwa pengine wale wawili, nao wakajuzwa na watoto waliokuwa wakipiga miluzi kila Mshonaji alipopita.

Wakakubaliana waoane. Ila kulikuwa na Kaka.

Kaka yake Mshonaji ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Alikuwa msimamizi wa ghala mstaafu, mtu ambaye hakucheka mpaka aletewe sababu ya kucheka na yeye aikague. Habari za mafuvu zilikuwa zimemfikia, tena zikiwa zimetiwa chumvi: aliambiwa ni ya watu. "Dada yangu hatakwenda kuishi makaburini," alisema. "Jumamosi nakuja na shangazi yetu, naiangalia nyumba hiyo kwa macho yangu. Nikikuta hata nusu ya ninayoyasikia, tumemalizana."

"Sitaolewa kaka yangu akiwa amenipa mgongo," Mshonaji akamwambia Mjomba. "Najua ni mkaidi. Lakini alinibeba mgongoni kunipeleka shule nilipovunjika mguu. Siwezi."

Mjomba akamwambia anaelewa. Kisha akaenda karakana akapiga randa ubao mmoja mpaka ukaisha.

Jumamosi asubuhi Dada aliingia na furushi kubwa kichwani na mpwa nyuma yake. "Leo," alitangaza, "hauonekani mfupa humu ndani."

Wazo la kwanza lilikuwa kuhamisha vitu. Jirani wa kulia alipoombwa kulihifadhi kabati kwa siku moja, alisema, "Likilala kwangu, mimi nalala kwako." Jirani wa kushoto alijifanya hayupo, ingawa redio yake iliendelea kuimba. Karakana ilijaa madawati ya shule mpaka mlangoni. Ndipo Dada akafungua furushi. Mashuka! Mashuka meupe ya nyumba ya wageni, yamefuliwa, yametiwa wanga, yamepigwa pasi mpaka unaweza kujikata nayo.

Wakafunika viti. Wakafunika meza, kioo, kunguru, rafu yenye mafuvu na saa yake. Mjomba alisaidia kama mtu anayewafumba macho watoto wake mwenyewe. Ilipofika zamu ya kabati, mambo yakakwama. Likiwa limesimama chini ya shuka lilikuwa kama mtu mrefu aliyejificha na anayetaka kutoa hotuba.

"Lilaze," Dada alisema.

Wakalilaza chali katikati ya sebule. Dada akalifunika kwa shuka kubwa kuliko yote, akakunja pembe na kuzibana chini kama anavyotandika vitanda kazini, akalainisha mikunjo kwa kiganja. Kwa kuwa viti vyote vilikuwa chini ya mashuka, akatandika mikeka kando ya kuta. Akavuta mapazia meusi ili maumbo ya vitu yasionekane sana, na kuyashusha asingeweza, maana yalishonwa na mchumba mwenyewe. Akaona chumba kimepooza, akamtuma mpwa kwa jirani akaomba maua, akayaweka juu ya kabati, upande wa kichwani. Umeme ukakatika. Akatafuta mishumaa miwili, na mahali pa pekee palipokuwa tambarare na wazi ni pale pale, kwa hiyo akasimamisha mmoja kichwani na mwingine miguuni. Akarudi nyuma hatua kadhaa akapangusa mikono.

"Umeona? Sasa ni nyumba ya watu."

Mjomba, aliyekuwa amevaa suti yake pekee, nayo nyeusi, aliangalia akaona kabati lake limelazwa. Dada aliangalia akaona usafi. Ndiyo shida ya kukijua kitu kupita kiasi: hakuna aliyeona kilichokuwa pale.

Mlango ukagongwa.

Kaka aliingia wa kwanza, mdomo tayari umefunguka kwa maneno aliyoyapanga njia nzima. Akaufunga. Akavua kofia. Nyuma yake Shangazi, mwanamke mdogo mwenye sauti kubwa, alichungulia chini ya kwapa lake, akaona shuka, akaona maua, akaona mishumaa.

"Jamani!" akalia. "Jamani, jamani, jamani!" Na kabla hajazuiwa alikuwa amepiga magoti pembeni ya kabati, mikono kichwani.

"Poleni sana kwa msiba," Kaka alisema kwa sauti ya chini. "Hatukuwa na habari. Tungejua tusingewajia na mambo ya posa siku kama hii." Akamsogelea Mjomba akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Ni nani?"

Mjomba akageuka. Akaangalia shuka. Akajibu ukweli, maana ndicho kitu pekee kilichomjia. "Ni kabati."

Kaka akatikisa kichwa polepole, akamgeukia Dada. "Mshtuko. Baba alipofariki mimi nilizungumza na jembe siku nzima."

Hapo ndipo Dada alipofanya hesabu zake, na mpwa, aliyekuwa kwenye mkeka baada ya kuambiwa kwamba akifungua mdomo atafuliwa pamoja na mashuka, aliziona hesabu zikipita usoni mwa mama yake. Upande mmoja mafuvu. Upande mwingine msiba, na msiba una heshima zake.

"Ni binamu yetu," Dada alisema. "Wa mbali."

"Dada!"

"Tulia, mdogo wangu. Usijiumize."

"Alikuwa mrefu!" Shangazi alilia, akilipapasa shuka. "Mrefu jamani! Na mabega haya!"

Mshonaji alikuwa bado mlangoni. Alitazama mara moja tu, akaelewa kila kitu, akachukua ncha ya mtandio wake akaisokomeza yote mdomoni. Mabega yakaanza kumtikisika, machozi yakamtoka.

"Mwoneni mtoto anavyolia," Shangazi alisema. "Ana moyo huyu. Mwacheni alie."

Kaka akakaa mkekani karibu na Mjomba. Alikuwa mtu mwingine kabisa. "Sikufichi," alisema, "leo nilikuja na shari. Nimeambiwa mambo mengi kuhusu nyumba hii. Sasa naangalia, sioni hata moja. Naona watu wametulia. Naona ndugu amelazwa kwa heshima, mashuka yamepigwa pasi. Mtu anayemtunza binamu wa mbali namna hii, mke atamtunzaje?" Akashusha pumzi. "Kwa upande wangu, hili la dada yangu, sina neno tena."

Dada alimfinya Mjomba kiunoni kwa nguvu zote: umesikia, nyamaza.

Mjomba alisikia. Kila alichokitaka kilikuwa kimewekwa mapajani mwake, na alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya na kuonekana mwenye huzuni, jambo ambalo wakati ule halikuhitaji juhudi. Akamtazama Mshonaji. Mshonaji alikuwa ametoa mtandio mdomoni. Hacheki tena. Anamtazama yeye tu, kichwa upande, kama alivyotazama madirisha kabla ya kuyapima.

"Mazishi ni saa ngapi?" Kaka akauliza.

"Eeh," Dada alisema. "Baadaye baadaye."

"Basi msihangaike na gari. La kwangu la mizigo liko hapo nje. Tunambeba sasa hivi." Akasimama, akakunja mikono ya shati, akainama kama mtu aliyebeba mizigo maisha yake yote, akaingiza vidole chini ya shuka upande wa miguuni, akajaribu uzito. "Loo. Alikula vizuri, marehemu."

Mjomba akaona yote kwa mpigo. Aliona kabati lake linashuka shimoni, mwanamke wake aliyefumba macho anatupiwa udongo, bawaba zake zilizochaguliwa moja moja zinashika kutu bila kumgunia mtu yeyote. Na hapo hapo akakumbuka jambo jingine, likamtoa jasho: ndani ya kabati mlikuwa na magauni matatu ya Mshonaji, aliyoyatundika wiki iliyopita ili yasikunjike.

Akasimama. Kwanza akazima mishumaa kwa vidole, mmoja halafu mwingine, kwa sababu vanishi na moto havipatani na fundi ni fundi hata akiwa anazama. Akaondoa maua akampa mpwa ayashike.

"Shemeji," alisema, "nisamehe sana. Lakini hamtalizika kabati langu."

Akavuta shuka.

Shangazi aliona uso wa mwanamke, macho yamefumbwa, mikono kifuani. Akaacha kulia ghafla. "Kumbe binamu ni mwanamke!"

"Ni mbao, Shangazi," Mjomba alisema.

Na ilikuwa wakati huo huo, kwa bahati ambayo hakuna binadamu angeipanga, saa kamili ikafika. Chini ya shuka la rafuni taya likafunguka. Ka. Ka. Ka. Shuka likawa linapanda na kushuka. Shangazi hakusubiri idadi kamili. Alitoka na kiatu kimoja, ila hakwenda mbali: sekunde chache baadaye jicho lake lilionekana kwenye ufa wa pazia, maana kuogopa ni jambo moja na kukosa habari ni jambo jingine.

"Kwa hiyo hakuna aliyekufa," Kaka alisema.

"Hakuna."

"Na binamu?"

"Tunaye," Dada alisema kutoka nyuma ya viganja vyake. "Mzima. Anauza vipuri."

Mjomba alikuwa akizunguka chumba anavuta mashuka, moja baada ya jingine, hafichi tena. Popo wakatoka, kunguru akatoka, mafuvu saba yakatoka yakiwa yamepanga mstari kama yamekuja kushuhudia. "Ni haya uliyoyasikia," alisema. "Siyo ya watu, nimeyachonga mimi. Sikutaka kukudanganya. Yaani nilitaka, lakini limenishinda."

Uso wa Kaka ulikuwa umeiva. "Nimekushika mkono! Nimekupa pole ya kabati!" Akakishika kiwiko cha mwanamke wa mbao, sijui kwa nia gani, labda kuthibitisha kwamba kweli ndani hamna mtu, akakivuta. Mlango ukaguna mguno wake mrefu, vizuri kuliko siku zote. Kaka akaruka, akarudi, akachungulia. Akatoa gauni la buluu.

Akalinyoosha mbele ya macho yake.

"Gauni hili nilikununulia mimi," alimwambia dada yake.

"Ndiyo, Kaka."

"Linafanya nini humu?"

"Linatunzwa." Mshonaji aliingia sasa hasa, akavua viatu, akalichukua gauni kutoka mikononi mwake na kulirudisha. "Kabati ulilonipa wewe limeliwa na mchwa mpaka kwenye kufuli. Hili mchwa wenyewe wanaliogopa. Kaka, umeniletea wachumba wawili wenye makochi laini. Mmoja kochi lake lilikuwa linanuka, na mwingine alikuwa hanyanyuki juu yake. Huyu nimemtafuta mwenyewe. Mafuvu yake hayanywi, hayasengenyi, na anayapiga mswaki. Umemkubali sasa hivi kwa uongo, na aliyekuzuia ni yeye. Wewe ungekaa kimya?"

Kaka akarudi nyuma akatafuta pa kukaa bila kuangalia, akatua kwenye kiti kilichokuwa karibu, akaegemea.

Safu ya chini ya meno ikamkuta mgongoni, kidogo chini ya bega la kushoto. Kaka akakakamaa. Kisha akasogea kushoto kidogo. Kisha kulia. Macho yake yakafumba nusu. Wote walisimama wakisubiri hukumu, na hukumu haikuja. Walichosikia ni mkwaruzo, taratibu, wa shati kwenye mbao. Dada alidhani anapandwa na kifafa. Kumbe mgongo wa mzee yule ulikuwa na sehemu moja iliyomwasha miaka na miaka, mahali ambapo mkono wake haukufika, na mkewe alishachoka kuombwa.

"Shemeji," alisema hatimaye, na chumba kizima kikasikia alivyomwita. "Haya meno ya chini umeyapiga msasa?"

"Ya juu nimeyapiga. Ya chini niliyaacha."

"Usiyapige."

"Amekubali?" sauti ya Shangazi ikauliza kutoka dirishani.

"Amekaa," Dada alisema.

Wakaoana. Mshonaji aliyashonea mafuvu kola, kila moja rangi yake, na chini ya kunguru akaweka kapu la nyuzi. Shangazi, aliyeapa kwamba hatakanyaga tena, alikuja kila wiki na kulipa kabati heshima zake kwanza, "hujambo binamu," kabla ya kusalimia watu. Msomaji wa mita akaanza kusomea ndani, kisha akaanza kunywa chai humo humo. Na watu wanaokuja kukaa mwishowe huona walichokalia. Wa kwanza alikuwa Kaka, aliyekiomba kiti kwa siku mbili tu, mgongo unamsumbua. Kisha kinyozi, safari hii wateja wenyewe waliuliza. Kisha mwalimu wa maigizo, kisha jirani wa kulia aliyekuwa na wageni. Kabati lilikuwa limeanza kuulizwa ulizwa.

Mpwa akawa mwanafunzi wa sekondari, meno yote mahali pake. Alasiri moja aliketi na Mjomba kwenye kizingiti cha nyumba, wote wawili chini, kwa sababu ndani hakukuwa na kiti hata kimoja. Cha mwisho kilikuwa kinapakiwa na Kaka kwenye gari lake la mizigo, binti yake ana sherehe, kitarudi kesho. Mjomba alikifuata kwa macho mpaka kikafika kwenye ubao wa gari. Ndipo akasema, bila kuulizwa upya na mtu yeyote:

"Kabla hujazaliwa nilikuwa na viti sita vya maua. Maua kila mahali, vizuri mno. Kila aliyekuwa na kikao aliviazima, kila aliyekuwa na wageni aliviazima. Vinatoka sita, vinarudi vinne, viwili vinachechemea. Kimoja mama yako anakatia vitunguu mpaka leo, mwulize. Nikasema, subirini, nitatengeneza ambavyo hakuna mtu atakayethubutu kuviomba. Ndiyo nikaviwekea meno. Na kweli, mpwa wangu, ukimwacha yule kinyozi, havikuombwa. Havikuombwa mpaka nikawa nakula chakula cha jioni mimi na saa tu. Haya, wewe na swali lako sasa mmelingana. Sasa nyanyuka twende tukamwambie shemeji akishike miguu, asishike meno, yatang'oka."